Kufuata Pua Kutoka Kilifi Hadi Malindi

Wageni wengi huja pwani kwa ajili ya macho. Hutazama bahari, hupiga picha minazi na mapango, kisha hurudi Nairobi ngozi ikiwa imeiva kwa jua. Lakini ipo njia nyingine ya kuijua nchi hii ya Kilifi na Malindi, nayo ni kwa pua. Msafiri atakayekubali kuongozwa na harufu atagundua kwamba katika ua wa kila nyumba, kando ya kila njia ya msituni na ndani ya kila kikapu cha muuza maua, pwani imehifadhi duka zima la dawa na manukato. Na atagundua pia kwamba duka hilo halina ulinzi wa kutosha.

Ukitoka Mombasa ni mwendo wa kilomita 60 hivi hadi Kilifi. Zamani wasafiri walisubiri feri pale Mnarani, lakini tangu mwaka 1991 daraja refu limeiunganisha barabara juu ya hori. Ukishavuka, acha barabara kuu na uingie vijiji vya Wagiriama. Huko, karibu na mlango wa nyumba au pembezoni mwa shamba la mahindi, hutakosa kuona kichaka chenye majani ya kijani kibichi na mashuke marefu ya vijiua vidogo. Mbuzi hukipita bila kukigusa. Pikicha jani moja tu kwa vidole, nawe utajua sababu. Harufu yake hupanda puani kama karafuu iliyosagwa.

Huo ndio mvumbasi, ambao wengine huuita kivumbasi. Ni ndugu wa mrihani tunaoujua, na wote wawili ni binamu wa mmea mmoja maarufu wa Ulaya, thaimu, ambao Wazungu hutia katika mchuzi na nyama choma yao. Ukoo wao ni mmoja na mnanaa pia. Mimea ya ukoo huu ina mifuko midogo mno juu ya majani yake, isiyoonekana vyema kwa macho matupu. Ndani ya mifuko hiyo mna mafuta ya kunukia. Unapopikicha jani, mifuko hupasuka na mafuta huruka hewani.

MAFUTA YASIYO YA KUPIKIA

Mafuta haya si kama uto wa nazi au simsim. Tone la uto ukilidondosha juu ya karatasi litaacha doa siku zote. Tone la mafuta ya kunukia litayeyuka na kuondoka lenyewe hewani, kwani ni mepesi. Mmea hauyatengenezi ili kutupendeza sisi. Huyatengeneza kuwa silaha dhidi ya wadudu, ukungu na wanyama walao majani. Mbuzi wa Kigiriama anayekipita kichaka cha mvumbasi anaitii silaha hiyo.

Njia ya kuyapata ni ya kale, na mabibi wa pwani waliotumia marashi katika mrashi wanaijua bidhaa yake. Majani hutiwa katika jungu lenye maji, jungu likafunikwa barabara na kuwekwa motoni. Mvuke unapopanda hubeba mafuta pamoja nao, hupita katika mrija uliopozwa kwa maji baridi, kisha hurudi kuwa maji katika chupa. Mafuta huelea juu na maji yenye harufu hubaki chini. Karafuu ni kinyume, kwani mafuta yake ni mazito kuliko maji, nayo huzama.

Kisiwani Pemba kazi hii hufanywa kwa wingi. Kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, hukamua mafuta kutokana na makonyo ya karafuu, yaani vile vijiti vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Kitu kilichojaa katika mafuta hayo huitwa eujenoli. Ndicho kinachokufa ganzi ulimini unapotafuna karafuu, na ndicho madaktari wa meno wametumia tangu zamani kutuliza jino linalouma.

Sasa basi, kwa nini mvumbasi wa Kilifi unukie karafuu ilhali miti hii miwili haina udugu wowote? Jibu ni kwamba zote mbili zimegundua kemikali moja. Mwaka 1990 watafiti wakiongozwa na Profesa Ahmed Hassanali wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu majani ya mvumbasi na karafuu, vitu ambavyo wakulima wa sehemu kadhaa za Afrika Mashariki huchanganya na nafaka ghalani. Waligundua kwamba harufu ya vyote viwili huwafukuza fukusi wa mahindi, na kwamba eujenoli ni miongoni mwa vitu vinavyofanya kazi hiyo. Nyanya zetu waliotandaza majani hayo ghalani hawakuwa wakifuata ushirikina.

JINA MOJA, HARUFU NYINGI

Hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa matamu, na wanafunzi wa kemia watege sikio. Ukichukua majani ya mvumbasi kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, utashangaa kwamba hayanukii sawa. Mmea ni ule ule, maua ni yale yale, lakini mmoja umejaa eujenoli na kunukia karafuu, na mwingine umejaa thimoli, ile kemikali inayoupa thaimu harufu yake ya dawa. Wanasayansi huita hali hiyo kemotaipu, yaani mimea ya aina moja kwa sura lakini tofauti kwa kemikali.

Mrihani nao una desturi hiyo hiyo. Ule unaolimwa Ulaya kwa wingi una linaloli, yenye harufu laini ya maua. Ule wa visiwa vya Ngazija, ambao mafuta yake huuzwa kwa watengenezaji manukato, una kemikali nyingine yenye harufu kali inayokaribia ile ya bizari tamu. Kisha kuna ndugu yao mwingine wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambaye jina lake la kisayansi limetokana na mlima Kilimanjaro. Huyo amejaa kafuri, ambayo watu wa pwani huijua vyema kwa jina la karafuu maiti kwa kuwa hutumika katika kuosha na kusitiri wafu.

Ajabu ni kwamba kemikali hizi zinakaribiana sana. Thimoli ina atomi 10 za kaboni, 14 za hidrojeni na moja ya oksijeni. Mwenzake aitwaye kavakroli ana hesabu hiyo hiyo bila kupungua wala kuzidi, ila kipande chenye oksijeni kimeshikizwa mahali pengine. Kafuri ina kaboni 10, hidrojeni 16 na oksijeni moja. Linaloli ina kaboni 10, hidrojeni 18 na oksijeni moja. Eujenoli pia ina kaboni 10, na hidrojeni 12, ila oksijeni ni mbili. Ni kama mapishi ya pwani: kwa wali, nazi na viungo vile vile, mpishi mmoja atakupa pilau na mwingine atakupa chakula kingine kabisa.

Mfano uliochunguzwa zaidi ni wa thaimu yenyewe, huko kusini mwa Ufaransa karibu na mji wa Montpellier. Katika vilima vile thaimu ya mwituni ina kemotaipu sita, na jeni za mmea ndizo huamua uwe upi. Mimea yenye thimoli na kavakroli hukaa kwenye miteremko yenye mawe, jua kali na ukame. Katika mabonde ambako baridi ya majira ya kipupwe huganda, hukaa ile yenye harufu laini, kwani mimea ya thimoli haivumilii jalidi ya mapema. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha thaimu ya miaka ya 1970 na ya miaka ya karibuni mahali pale pale. Ikaonekana kwamba baridi kali ilivyopungua, mimea yenye thimoli na kavakroli imeanza kuteremkia mabondeni ambako haikuwapo. Harufu ya kilima imebadilika kwa sababu hali ya hewa ya dunia imebadilika.

Kwa mkulima wa Kilifi hadithi hii si ya mbali. Maana yake ni kwamba jina la mmea halitoshi. Anayetaka kuuza mafuta ya mvumbasi hana budi kujua kwanza kichaka chake kina kemikali gani. Mnunuzi anayetafuta thimoli hatalipa hata senti kwa eujenoli, hata kama majani yanafanana kama shilingi kwa ya pili.

MSITU NA MKILUA

Kutoka Kilifi kwenda kaskazini, baada ya Matsangoni, msitu wa Arabuko-Sokoke husimama upande wako wa kushoto. Una ukubwa wa kilomita 420 za mraba hivi, nao ndio mkubwa zaidi kati ya misitu ya asili iliyosalia katika pwani ya Kenya. Ndani yake mna bundi mdogo wa Sokoke ambaye wageni husafiri kutoka ng'ambo kumtazama, na mna mti wa muhugu. Wachongaji wa Malindi na Mombasa wanaujua muhugu kwa ugumu wake. Watengenezaji manukato nao wanaujua kwa mafuta yaliyomo katika mbao zake, ambayo harufu yake yafanana na sandali. Kwa sababu hizo mbili umekatwa sana, na leo mti mkubwa wa muhugu ulionyooka si rahisi kuuona.

Katika misitu ya pwani, tangu Kenya hadi Tanzania, huota pia mti mdogo wenye sifa ya pekee. Ni mkilua. Ua lake la rangi ya manjano au hudhurungi halina urembo mkubwa, lakini harufu yake ni ya kulevya, na kwa vizazi vingi akina mama wamelitia nyweleni au kulificha katika nguo. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoueleza mti huu kwa wanasayansi wa dunia, hakuutafutia jina la Kilatini la kubuni. Alichukua la Kiswahili kama lilivyo. Hivyo hadi leo, katika kila kitabu cha mimea duniani, jenasi yake huitwa Mkilua. Ni heshima ambayo si miti mingi ya kwetu imeipata.

Mwaka 2005 watafiti wa ICIPE pamoja na wenzao wa vyuo vikuu walichapisha uchunguzi wa mafuta ya mimea sita ya pwani ya Kenya, mkilua ukiwa mmoja wao pamoja na jamaa wawili wa mrihani. Walitaka kujua iwapo mafuta hayo yanaweza kumfukuza mbu anayeeneza malaria. Naam, yalionekana kuwa na uwezo huo. Kabla ya hapo, mwaka 2002, katika kituo cha Mbita kando ya Ziwa Viktoria, vyungu vyenye kivumbasi kilicho hai viliwekwa ndani ya vibanda vya majaribio. Mbu waliomfikia mtu aliyekuwa ndani walipungua kwa karibu asilimia 40. Hakuna jani lililochomwa wala kukamuliwa. Mmea ulikaa tu chumbani.

Asilimia 40 si haba, lakini mzazi asidanganyike. Mbu sita kati ya kumi bado wataingia, na mmoja atosha kuleta homa. Kilifi yenyewe ina ushahidi wa kitu kinachofaa zaidi. Kituo cha utafiti cha KEMRI kilianza kazi hapo na washirika wake mwaka 1989, na katika miaka ya 1990 kilipima faida ya vyandarua vilivyotiwa dawa. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Kwa hiyo panda kivumbasi dirishani kwa raha zako, lakini mtoto alale ndani ya chandarua.

GEDE NA FUNZO LA VIPEPEO

Ukifika Gede utakuta njia panda ya kwenda Watamu. Magofu ya mji wa kale yaliyopo hapo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Kandokando yake kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wanakijiji waishio kando ya Arabuko-Sokoke hufuga viwavi kwa majani ya msitu, kisha huuza vipepeo wakiwa bado katika vifuko vyao, nao husafirishwa hadi kwenye maonyesho ya ng'ambo. Msitu ukikatwa, viwavi hukosa chakula na fedha hukatika. Kwa hiyo watu wana sababu ya mfukoni ya kuulinda.

Je, mafuta ya kunukia hayawezi kufanya vivyo hivyo? Wapo waliojaribu, tena wakafaulu, ila si pwani. Karibu na msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima kiitwacho Muliru kilianza kulima ule mrihani wenye kafuri badala ya kuuchuma msituni. Walipata mtambo wa kukamua mafuta, na wakishirikiana na ICIPE wakatengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub, ya mafua, maumivu na kuumwa na wadudu. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Siri yao ilikuwa mambo matatu: waliujua mmea wao una kemikali gani, waliulima shambani, na waliuza chupa iliyokamilika badala ya kuuza gunia la majani.

Jambo la tatu ni kidonda kwa watu wa Kilifi. Wamezoea kuuza nazi, korosho na embe kama zilivyoanguka mtini. Kiwanda cha korosho kilichojengwa Kilifi katika miaka ya 1970 kilifungwa katika miaka ya 1990, na tangu hapo wakulima wengi wamekuwa mateka wa madalali. Jambo la pili nalo lina onyo lake. Msandali wa nyika za Kenya uling'olewa pamoja na mizizi kwa ajili ya mafuta yake, hadi serikali ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Ikiwa kesho mnunuzi atakuja Kilifi akitaka mkilua kwa tani, nani atamzuia asimalize miti katika mwaka mmoja? Afadhali miche ioteshwe sasa kabla ya mnunuzi kufika.

MALINDI, THAIMU NA KIKUBA

Malindi ndiko harufu za dunia zinakokutana. Mji huu umekuwa na Waitaliano wengi tangu kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kilipoanza kazi huko Ngomeni katika miaka ya 1960. Pita mbele ya mikahawa yao jioni na utanusa thaimu na oregano juu ya samaki na piza. Mimea hiyo ya nchi kavu ya Mediterania haipendi unyevu wa pwani, hivyo aghalabu hutumika ikiwa imekaushwa au hutoka bara. Mitaa michache kutoka hapo, katika mji wa zamani, wazee wenye asili ya Uarabuni wanaijua jamaa ya thaimu kwa jina la zaatari, ambayo kwao hunywewa kama chai ya kifua. Na katika maduka ya viungo ya Wahindi utapata ajwani, mbegu ndogo za tumbo linalosokota. Ajwani si ndugu wa thaimu hata kidogo, lakini nayo imejaa thimoli. Waitaliano, Waarabu na Wahindi wamefuata kemikali moja kwa njia tatu.

Thimoli yenyewe ina historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari waliitumia kutibu safura kabla ya kupatikana kwa dawa salama zaidi. Leo imo katika dawa za kusukutulia mdomo, na wafuga nyuki huitumia kuua utitiri unaoshambulia mizinga. Hufanya kazi kwa kutoboa ngozi nyembamba inayozunguka chembe ya bakteria, mpaka yaliyomo ndani yavuje.

Jioni, hasa kunapokuwa na harusi, tafuta wauzao maua. Hapo mrihani hukutana na asumini, kilua na mkadi, vikafungwa pamoja kuwa kikuba ambacho mwanamke hukibandika kifuani. Kwa pua ya mkemia, kikuba kimoja ni maabara nzima. Kwa mwenyewe ni salamu kwa mumewe na kwa wageni. Mrihani huo huo ndio huwekwa makaburini, na jina lake la Kiarabu limetajwa katika Kurani miongoni mwa neema. Ni nadra kwa jani moja kumsindikiza mtu harusini na kaburini.

Hata hivyo harufu za chupa zinaiteka miji yetu. Msichana aliyezaliwa mtaa wa nyumba za gorofa hana ua wa kupanda mrihani, na mama yake hana wakati wa kufunga kikuba. Jina la mmea likishasahaulika, hakuna anayejua tena kwamba ulikuwa na kazi, na panga huufyeka pamoja na magugu.

KWA WATAKAOSAFIRI

Likizo ijayo, wazazi wanaowapeleka watoto Kilifi na Malindi wawape daftari. Kazi iwe hii: kila mmea wenye harufu, waandike jina lake kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, mahali ulipoota, na matumizi yake kama anavyoeleza nyanya au mwenyeji. Wapikiche jani na waandike linanukia nini: karafuu, kafuri, ndimu au dawa ya mswaki. Wakikuta mvumbasi wa vijiji viwili haunukii sawa, watakuwa wameona kemotaipu kwa pua zao wenyewe.

Mtu mzima anaweza pia kuwaonyesha ukamuaji nyumbani. Weka jiwe katikati ya sufuria, zungusha majani na maji kidogo, weka bakuli juu ya jiwe, kisha funika kwa kifuniko kilichopinduliwa chenye barafu juu yake. Chemsha kwa moto mdogo. Mvuke utagonga kifuniko baridi na kudondoka bakulini ukiwa maji yenye harufu, ingawa mafuta yatakuwa machache mno.

Onyo moja lisisahaulike. Chai ya majani ya mrihani ni jambo moja, na mafuta yaliyokamuliwa ni jambo jingine kabisa, kwani kichupa kidogo huwa kimebeba nguvu ya mzigo mzima wa majani. Mafuta haya hayanywewi. Kafuri hasa ni sumu kwa mtoto mchanga na yaweza kumletea degedege, basi isipakwe puani wala kuachwa karibu naye. Ngozini, mafuta yazimuliwe kwanza kwa uto wa nazi. Homa ya malaria ipelekwe hospitali mara moja, wala isingojee kivumbasi.

Na kabla ya kuondoka, nunua kikuba, au omba tawi la mrihani ukapande katika kopo kwenye roshani yako ya mjini. Huota kwa urahisi kutokana na mbegu au tawi, na hudai maji kidogo tu na jua la asubuhi.